Mpira Umfuate Gaël

Dua la kuku halimpati mwewe, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kukutana na mama mkwe wangu. Dua la Mama Denise linampata mwewe, linamshusha, linamnyonyoa, na ukikaa vibaya linakupata na wewe uliyekuwa unapita tu. Aliiombea kazi ya mwanawe, Mungu akamjibu neno kwa neno, na kidogo tu kazi yenyewe iishe.

Nianze na mimi, msije mkauliza baadaye huyu mwenye mdomo ni nani. Naitwa Monicah, Mkenya, nafanya kazi benki kule Marshalltown. Nimeolewa na Mkongomani anayeitwa Thierry, na tunaishi Bertrams, mtaa wa jijini huku kusini kwa Wazulu, nyumba moja na mama yake, mwenye cherehani sebuleni na sauti inayofika mpaka uwanja wa Ellis Park. Subira sina, sikuzaliwa nayo, na miaka ya kukaa na Mama Denise haijaniongezea hata chembe. Nampenda, lakini nasema mapema kwamba si kila siku.

Mdogo wake Thierry ndiye Gaël, na Gaël ndiye kazi yenyewe. Alitoka Kalemie akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa Bertrams akisikiliza kelele za raga kutoka uwanjani. Shuleni akacheza raga, pembeni kabisa, kwa mbio za kutisha. Mwaka wa mwisho akaja kocha mmoja Mmarekani, akamwona, akamchukua mpaka chuo fulani kule kwao, mji wa theluji ambao Mama Denise hadi leo anauita "kwenye friji". Kule wakamvisha kofia ngumu na mabega ya plastiki, wakamwambia atakuwa mdakaji, yaani yule anayekimbia mbele akarushiwa mpira. Akarushiwa, ukaanguka. Akarushiwa tena, ukaanguka tena. Mwishowe kocha akamwambia, kijana, Mungu alikupa miguu, kwenye mikono alikuwa ameshachoka. Hamia upande wa pili, uwazuie wanaojua kudaka. Ndivyo Gaël wetu alivyokuwa beki wa pembeni.

Kazi ya beki wa pembeni katika mpira wa Kimarekani nitaieleza mara moja tu. Unapewa mwanamume mmoja wa timu nyingine, ana mbio kama zako, na yeye anajua anakokwenda, wewe hujui. Unakimbia kinyumenyume mbele yake. Akikata kushoto nawe kushoto, akisimama nawe unasimama, humwachii nafasi, kama mke aliyesikia uvumi. Mrushaji wao akimrushia mpira, unaupangua. Ukifanikiwa hakuna anayekuona. Ukishindwa, dunia nzima inaonyeshwa kwa mwendo wa polepole, tena na tena, wakati wewe umekaa chini unang'oa majani.

Alipomaliza chuo hakuna timu iliyomwita. Akaenda kujaribiwa kwenye moja, wakamwacha. Nyingine ikamchukua, ikamwacha kabla hajamaliza kufungua mabegi. Hii ya sasa ndiyo iliyombakisha, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sisi huku tukawa watu wenye ndugu kwenye televisheni.

Shida ni kwamba kwenye televisheni hakuonekana.

Tulinunua king'amuzi ili tutazame mechi nzima. Mama Denise akajishonea jezi ya kitenge yenye namba ishirini na tisa mgongoni, akakaa mbele ya kioo na sahani ya karanga. Mechi ya kwanza mpira ukaenda upande wa pili. Ya pili, upande wa pili. Mechi zikawa zinaisha Gaël hajagusa kitu, na mtangazaji hajamtaja hata kwa bahati mbaya.

"Thierry," Mama akauliza, "juu ya nini hawamupatie mutoto mupira?"

Thierry, mume wangu, ni mtu anayejua kila kitu mpaka umuulize. Akakohoa, akasema wanamtunza kwa ajili ya mechi kubwa. Mechi kubwa ikaja. Mpira ukaenda upande wa pili.

Mama Denise akaweka karanga chini. "Hii ni blokaji," akasema.

Nyinyi ambao hamjaoa wala kuolewa kwa Wakongomani, blokaji ni ile roho inayosimama kati yako na kitu chako. Viza inatoka, kwako haifiki. Mchumba anakuja, anaishia kwenye robot ya barabarani, taa inawaka kijani naye anageuza gari. Kazi ipo, mshahara upo, lakini jina lako linarukwa. Na hapa tulikuwa na mpira unaoruka hewani wiki baada ya wiki, unamwona Gaël, unamkwepa. Ushahidi gani mwingine ulihitajika?

Msimu ule ukaisha. Timu ikampa Gaël mkataba mpya, mzuri kuliko wa kwanza, na sisi tukadhani wamemwonea huruma.

Kanisa letu liko mjini, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa duka la fanicha. Lifti ilikufa zamani na hakuna aliyeizika, kwa hiyo ukifika juu umeshatubu. Mama Denise ndiye kiongozi wa waombezi, kina mama wanaokutana kila Jumanne. Mwezi wa nane, kabla msimu haujaanza, akawatangazia wiki ya kufunga kwa ajili ya Gaël. Mimi nilifunga kwa moyo. Tumbo sikuliingiza, maana pale nje ya benki kuna dada anakaanga magwinya, maandazi ya hapa, na harufu yake haijali imani ya mtu.

Jumanne ile Mama Denise alisimama katikati, kilemba kimekaa upande. Kulia kwake alikuwa Léocadie, rafiki yake mwenye saluni karibu na stendi ya taxi, mwanamke ambaye akisema amina kioo cha dirisha kinaitikia.

"Baba!" Mama akaanza. "Ule mupira unaoruka, leo tunaufungulia njia! Wakirusha kushoto, umfuate Gaël!"

"Umfuate!" Léocadie akapokea.

"Wakirusha kulia, umfuate Gaël!"

"Umfuate!"

"Asubuhi umfuate, magaribi umfuate, asipumuzike!"

Hapo kwenye "asipumuzike" nilisikia kitu kidogo tumboni, lakini nikadhani ni magwinya.

Mwezi wa tisa msimu ukaanza, na Bwana akajibu. Jamani, alijibu! Mpira wa kwanza, kwa Gaël. Wa pili, kwa Gaël. Mrushaji wa timu nyingine alikuwa kama hana mahali pengine pa kurushia duniani. Mtangazaji alilitaja jina la shemeji yangu mpaka akajifunza kulitamka. Mama Denise alikuwa juu ya kiti, jezi ya kitenge imepanda, anapunga leso.

Ni mimi tu niliyeona kwamba kila jina la Gaël linapotajwa, anayecheza dansi ni mtu wa timu nyingine, ameshika mpira.

"Mama," nikasema, "huyu anayesherehekea si wetu."

"Mama Chloé," akanijibu bila kugeuka, maana ananiita kwa jina la binti yangu, "usiniletee roho ya mashaka nyumbani."

Nikanyamaza. Kuishi na mama mkwe ni kujua wakati wa kunyamaza, na mimi huwa najua dakika moja baadaye.

Jumapili iliyofuata akatoa ushuhuda kanisani, mzima mzima, kwa dansi. Blokaji imevunjika! Mupira umemutambua mutoto! Kanisa likaruka. Mchungaji Jacques mwenyewe akavua koti. Na mechi zilizofuata zikawa vilevile, mpira kwa Gaël, mpira kwa Gaël, na kila Jumapili ushuhuda ukawa mrefu kuliko mahubiri.

Halafu Gaël akapiga simu.

Ilikuwa Jumatano jioni, tumemaliza kula. Thierry akaisimamisha simu kwenye chupa ya mafuta ili wote tumwone. Gaël ni jitu, shingo imeanzia masikioni, lakini jioni ile alikuwa amejikunja kwenye kiti kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Mama," akasema, "wananirushia mimi tu."

"Aleluya!" Mama Denise akapiga makofi.

Gaël akaisogelea kamera. "Mama, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, papa wangu! Kila mupira!" Kwao mtoto wa kiume huitwa papa, yaani baba.

"Kila mpira," Gaël akasema. "Mama, hiyo ndiyo mbaya. Mrushaji hamrushii mpira beki anayemwogopa. Anamtafuta beki dhaifu, akimpata anamrushia yeye mpaka mechi iishe. Mwaka jana walikuwa hawathubutu kurusha upande wangu. Mwaka jana ndio mwaka wangu mzuri kuliko yote tangu nianze. Siku nzuri kwangu ni siku ambayo hakuna anayelitaja jina langu."

Makofi ya Mama Denise yalikuwa yamesimama hewani, kiganja kimoja huku, kingine kule. Sijawahi kumwona hivyo. Thierry akageuka kutazama ukuta, yeye na mechi zake kubwa.

"Kocha ameniambia," Gaël akaendelea. "Jumapili tunacheza London. Nikipitwa tena, wananiacha. Na mimi nakaribia thelathini, kwa kazi hii ni mzee. Wakiniacha hawa, hakuna timu nyingine. Nimemaliza."

Nikauliza swali la kijinga lililokuwa likinisumbua tangu siku ya kwanza: kama unakimbia umeupa mpira mgongo, unajuaje unakuja?

Akatabasamu kidogo. "Shemeji, sitazami mpira. Mpira unadanganya. Macho ya mtu yanadanganya, mabega yanadanganya. Natazama kiuno. Mtu hawezi kwenda popote bila kiuno chake."

"Na kwa nini wanakupita sasa?" Thierry akauliza.

"Siku mbaya tu," Gaël akajibu, haraka mno. "Laleni salama."

Simu ikazimika. Mama Denise akainuka, akaenda kwenye cherehani, akashona mstari mmoja kwenye kitambaa ambacho hakikuwa na kazi. Halafu akasema, mgongo kwetu, "Nimemuomba Mungu amuharibie mutoto wangu kazi."

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na mdomo wangu ukachagua vibaya kama kawaida. "Angalau alikusikia vizuri, Mama."

Akanitazama. Kama macho yangekuwa sindano, ningekuwa nimeshonwa pindo.

Sasa tazameni jambo lenyewe lilivyo gumu. Maombi aliyoyaomba kwenye kundi lazima ayarudie kwenye kundi. Na ameshashuhudia, kwa dansi, mbele ya kanisa zima. Angesema nini? Alhamisi nzima hakula, na safari hii haikuwa mfungo. Ijumaa akavaa kilemba, akawaita waombezi wote kanisani, na mimi nikaondoka kazini mapema kwa sababu sikutaka aende peke yake. Kwenye ngazi alinishika mkono. Hajawahi kunishika mkono kwenye ngazi zile, ingawa zimemshinda miaka yote.

Akasimama mbele yao, akawaeleza yote, bila kuficha. Kwamba beki anayejua kazi ndiye asiyerushiwa. Kwamba hakukuwa na blokaji, ilikuwa heshima. Kwamba tulimwitia mtoto shida kwa sauti kubwa, na kiongozi alikuwa yeye.

Kina mama wakatazamana. Léocadie akainua mkono. "Sasa dada, maombi yanafutwaje? Tukimwambia Mungu tumekosea, si ataona hata hatujui tunachotaka?"

"Anajua zamani," Mchungaji Jacques akasema kutoka mlangoni, akiwa na ndoo ya rangi mkononi, maana Ijumaa hupaka ukuta. "Ombeni upya."

Basi wakaomba upya. Shida ni kwamba kina mama hawa hawajui kuombea kitu kisitokee. Walianza polepole, wakapotea njia, wakarudi, hatimaye Mama Denise akaupata mwendo wake. "Mupira usimufikie!" "Usimfikie!" "Wasimuone!" "Wasimwone!" "Jina lake lisitajwe!" "Lisitajwe!" Mlinzi wa jengo, Mzulu mpole, akapanda ngazi zote akihema, akasimama pale mlangoni. Anaelewa Kiswahili cha kutosha kuogopa. "Eish, Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "huyo mtu amewakosea nini?" Nikamwambia ni mtoto wao, wanampenda sana. Akashuka bila kuaga.

Jumapili ikafika. Mechi ya London kwetu ilianza saa tisa na nusu alasiri, ibada imekwisha, na hakuna aliyekwenda nyumbani. Thierry akafunga projekta, picha ikaangukia ule ukuta uliopakwa rangi mpya. Mama Denise alikaa mstari wa mbele na jezi yake ya kitenge, mikono mapajani.

Mpira wa kwanza ukarushwa kushoto, ukadakwa huko. Wa pili, katikati. Wa tatu, kushoto tena. Hakuna aliyerusha upande wa Gaël, na mtangazaji hakumtaja. Kanisa likaanza kushangilia. Fikirieni watu wazima ghorofa nzima wanaruka na kukumbatiana kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea! Kila mpira ukienda kwingine, Léocadie analia amina, dirisha linaitikia. Mpaka nusu ya mechi tulikuwa tumekauka koo.

"Lakini mbona hatumwoni?" nikasema.

"Yuko nje ya kamera," Thierry akajibu. Unaona mtu asivyojifunza?

Kamera yenyewe ikamjibu. Ilienda taratibu kando ya uwanja, ikapita makocha, ikapita maji ya kunywa, ikafika kwenye benchi. Gaël alikuwa amekaa pale, koti kubwa mabegani, kofia yake magotini. Hakuwa amecheza hata dakika moja. Kocha alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi yake.

Waliokuwa wakiruka wakaketi mmoja mmoja.

"Si tuliomba mpira usimfikie?" Léocadie akanong'ona, na mnong'ono wake hufika barabarani.

Niliketi karibu na Mama Denise, na nasema wazi kwamba moyo uliniuma. Mwanamke huyu alikuwa amepanda ngazi zile, amejishusha mbele ya watu, na jibu lake ndilo lile benchi. Nilikasirika. Nilimkasirikia kocha, nikamkasirikia Thierry, nikakasirikia hata projekta.

Mechi ikaenda hivyo mpaka karibu na mwisho. Timu yetu ilikuwa mbele kwa pointi chache. Halafu yule kijana aliyepewa nafasi ya Gaël akaanguka vibaya, akashika bega, wakamtoa. Kocha akageukia benchi. Gaël akavua koti.

"Tuombe!" Léocadie akaruka. "Dada Denise, tuombe nini? Umfuate au usimfuate?"

Kanisa zima likamtazama kiongozi wa waombezi. Mama Denise akasimama, akafumba macho, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, ndogo na ya kawaida:

"Baba, nimechoka kukufundisha kazi. Mupira ni wako. Mimi nitamuangalia mutoto."

Akaketi. Na ndivyo alivyofanya. Gaël alikuwa anatoka benchi anakimbia kuingia uwanjani, sisi wote tukaanza kutafuta mpira uko wapi, nani anao, umebaki muda gani. Mama Denise alikuwa ameinama mbele, anamtazama mwanawe. Nikasikia neno moja likimtoka, ambalo mwingine hakulisikia.

"Muguu."

Mrushaji wao alimwona Gaël ameingia, na kwake ilikuwa sikukuu. Nani hajui kurusha kwa beki aliyekaa baridini mechi nzima? Mpira ukaruka juu, mrefu, unakwenda moja kwa moja upande wake. Mdakaji akakimbia, Gaël yuko naye, anarudi kinyumenyume, anageuka, wamefika karibu na mstari wa mwisho. Mdakaji akainua mikono. Gaël akaruka. Mpira ukamfikia Gaël kwenye viganja viwili, safi, wa kudakwa hata na mtoto wa chekechea.

Ukamponyoka, ukaanguka chini.

Na kuanguka ndiko kulikohitajika! Mpira ukigusa nyasi hauna mwenyewe. Ile ilikuwa nafasi yao ya mwisho, mechi ikaisha, tumeshinda. Kanisa lilipasuka. Mchungaji Jacques alikimbia kuzunguka viti. Thierry alinibusu mbele ya watu, jambo ambalo Mkongomani huyu hajafanya tangu harusini. Mtangazaji akalitaja jina la Gaël, sawasawa kabisa, maana alikuwa ameshafundishwa. Mama Denise peke yake ndiye aliyekuwa amekaa.

Simu ikalia kabla kelele hazijatulia. Thierry akaiweka kwa sauti ya juu.

"Mama! Umeona?"

"Nimekuona," Mama Denise akasema. "Muguu wa kushoto. Tangu lini?"

Gaël akajifanya hajui. "Mguu gani, Mama?"

"Gaël. Nimekubeba mugongoni kutoka Kalemie. Usiniulize muguu gani. Kiuno chako kinakimbia upande moja, wewe upande mungine."

Kule London nilisikia pumzi ikitoka, ndefu. "Tangu mwezi wa tisa," akasema. "Msuli wa nyuma ya paja, mazoezini. Sikumwambia mtu. Ukisema umeumia, kuna vijana nyuma yako wanasubiri nafasi. Nikafikiri utapona wenyewe huku nacheza. Warushaji ndio waliogundua kwanza."

"Kwa hiyo wiki zote hizo ulikuwa unakimbia na muguu ule," Mama akasema, "na sisi huku tunakuitia mipira."

"Mnaniitia nini?"

Watu wote walitazama sakafu. Léocadie alikuwa ghafla na jambo kwenye pochi yake. Ikabidi mimi ndiye nimweleze, maana kwa mambo kama hayo familia hii hunikumbuka. Nikamweleza blokaji, nikamweleza mfungo, nikamweleza "asipumuzike". Gaël akaanza kucheka, na kicheko kikazidi, kikageuka kilio cha mwanamume aliyejikaza muda mrefu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Denise akamngoja mpaka akamaliza.

"Kesho, kabla ya chai, unaenda kwa kocha, unamuambia," akasema.

"Wataniacha, Mama."

"Basi wakuache. Muntu hawezi kwenda popote bila kiuno chake. Umesema mwenyewe."

Alikwenda. Hatukulala vizuri kusubiri. Kumbe kocha alikuwa akijiuliza tangu mwezi wa tisa mbio za kijana wake zimepotelea wapi, na alikuwa ameshaamua ni uzee. Alifoka sana kwa kufichwa, kisha akampeleka kwa madaktari. Beki aliyezeeka wanamwacha, beki aliyeumia wanamtibu. Nafasi yake ikabaki, acheze tena mguu utakapopona.

Jumapili iliyofuata wakati wa shuhuda Mama Denise akasimama. Kanisa letu limezoea shuhuda za viza na kazi mpya na watoto waliozaliwa, na watu walishajiandaa kuruka.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mutoto wangu hachezi. Yuko kwenye benchi, amefungwa bandeji. Hakuna mupira, hakuna jina, hakuna kitu. Ninashukuru sana."

Watu hawakujua kama wapige makofi au wampe pole. Nikaanza mimi, peke yangu, nikapiga kwa nguvu zangu zote mpaka Léocadie akanipokea na dirisha likaitikia.

Jumanne waombezi wakamuuliza leo tunaombea nini.

"Paja," Mama Denise akasema. "La kushoto. Mengine mwenyewe anajua."

Siku hiyo yule dada wa magwinya aliniita nilipopita, nikampungia mkono tu. Nilifunga, na tumbo nikaliingiza.